Fundi Pazia na mpira uliokataa kunyooka

Saa tatu asubuhi, Fundi Pazia amelala kifudifudi juu ya nyasi za plastiki, ndani ya chumba kilichokuwa gereji. Jicho moja amelifumba. La pili linachungulia kisanduku cheusi chenye kamera mbili, kikubwa kama mkate.

Nyuma yake, kwenye kiti cha mbao, mzee wa miaka sabini na moja anasubiri akiwa ameegemea fimbo ya gofu. Fundi anafuta vioo vya kamera kwa kitambaa, anaweka pimamaji juu ya kisanduku, anangoja kiputo kitulie katikati, kisha anainuka na kujipangusa magoti.

"Tayari, mzee," anasema. "Iko vilevile ulivyoiacha."

Fundi Pazia ni mama wa miaka arobaini na mitatu. Jina hilo alilipata kwa kutundika mapazia meupe ya projekta katika kumbi za harusi na mikutano, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitano. Mwezi mzuri alikuwa akifunga mapazia katika kumbi nane. Siku hizi kumbi zimeweka televisheni kubwa ukutani, na akiitwa mara mbili kwa mwezi anashukuru.

"Tena naitwa kung'oa," anasema. "Nang'oa nilichofunga kwa mkono wangu mwenyewe."

Ndiyo maana mwaka jana, mke wa mzee huyu alipompigia simu kwamba anataka projekta ifungwe nyumbani, alikubali kabla ya kusikia mengine. Mengine yenyewe yalikuwa gofu. Mama huyo alikuwa ameagiza mashine nzima: pazia zito la kupokea mpira, projekta, kompyuta, zulia la nyasi na kile kisanduku kinachousoma mpira unapopigwa na kuuchora ukiruka kwenye picha ya uwanja.

Fundi hakuwahi kuona gofu ikichezwa. Alimuuliza dada yake, anayeishi naye, ambaye alimwambia ni mchezo wa kupiga mpira halafu kwenda kuutafuta.

"Nikamuuliza, sasa ndani ya nyumba utatafutwa wapi? Akasema hata yeye alipofika hapo alikwama."

Alichokikuta hakikumsaidia kuelewa. Mzee alikuwa mpima ardhi mstaafu aliyepigwa na kiharusi miezi saba kabla. Mguu ulikuwa umerudi, ila mkono wa kulia ulikuwa mzito na vidole vilikuwa vikilegea bila taarifa. Gari lilikuwa limeuzwa, kwa hiyo gereji ilikuwa tupu. Mkewe alimweleza fundi kwamba mume wake hazungumzi tena mezani, na kwamba kitu pekee alichowahi kukiulizia tangu atoke hospitali ni zile fimbo zake.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri, kwa kuwa zilikuwa za kazi anayoijua. Alimwomba mzee azungushe fimbo bila mpira ili aone kama itagusa dari, akaondoa taa iliyoning'inia, akapandisha projekta, akalivuta pazia mpaka likakaza kama ngoma. Siku ya tatu mzee akapiga mpira wa kwanza.

Kwenye picha, mpira ukaenda kulia na kutumbukia bwawani. Mashine ikatoa sauti: chubwi. Wa pili, chubwi. Mpaka saa sita mchana ilikuwa mipira ishirini na sita, na yote ilikuwa imezama.

Fundi aliamini kosa ni lake. Alirudia kusoma kitabu cha maelekezo, kilichoandikwa kwa lugha anayoielewa nusunusu, huku akibabaisha kila palipomshinda. Alibadilisha nyaya. Aliifuta programu na kuiweka upya. Alipima sakafu, akaikuta imeinama kidogo, akalinyanyua zulia kwa vipande vya mbao. Kila alipomaliza, mzee alisimama taratibu, akapiga, na bwawa likajibu.

"Kichwa kilijaa moshi," anasema. "Kila kitu kiko sawa, na hakuna kilicho sawa. Siku ya tano nilikaa chini nikafikiria kukusanya vyombo vyangu nitoroke kupitia mlango wa nyuma."

Siku ya sita, mzee akiwa amelala, alishika fimbo mwenyewe. Mpira wake wa kwanza uliambaa chini kama panya. Lakini ulikwenda mbele. Alipiga kumi na mmoja, vibaya, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja ulioingia majini.

Hapo akaelewa, na anasema afadhali asingeelewa. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa inaeleza habari za mkono wa mzee.

Alikwenda jikoni akamweleza mke. Mama aliweka sufuria chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kile kisanduku hakiwezi kugeuzwa kidogo tu, mpira uonekane umenyooka.

"Nimeolewa naye miaka arobaini," alimwambia. "Sijamwona akitaka kitu tangu augue. Akikata tamaa na hili, mwanangu, sina lingine la kumpa."

Fundi alirudi gereji, akakigeuza kisanduku kwa upana wa kidole kimoja.

Asubuhi iliyofuata mipira tisa ilitua katikati ya uwanja. Mama alipiga makofi. Mzee hakutabasamu. Aliliangalia pazia, akaiangalia picha, akaomba uzi. Ncha moja akaibana pale mpira unapowekwa, nyingine akamtuma fundi akaigandishe katikati ya pazia. Kisha akapiga tena. Kwenye picha, mpira ukanyooka. Kwenye pazia, alama yake ikabaki upande wa kulia wa uzi, umbali wa hatua nzima.

"Mpira umegonga hapa," mzee alisema. "Picha inasema umekwenda pale. Nani mwongo?"

"Mimi, mzee," fundi akajibu.

Kutoka mlangoni mama akasema kwamba ni yeye aliyemtuma. Mzee hakumgeukia. Aliongea na fundi, polepole, kwa sababu maneno nayo yalikuwa bado hayajamrudia yote.

"Nimepima mipaka ya watu miaka thelathini na minane. Sijasogeza jiwe la mtu. Na langu msinisogezee."

Kisanduku kikarudishwa. Mama alitoka nje, na siku mbili nyumba hiyo haikuwa na maongezi. Fundi alikwenda kwake bila kujua kama ameharibu au ametengeneza, na alipopigiwa simu wiki iliyofuata alidhani anaitwa kuja kung'oa.

Aliitwa kuja kupanga kiti cha pili. Mama alikuwa ameanza kukaa gerejini na daftari, akihesabu. Wiki hiyo, kati ya mipira ishirini, miwili ilikuwa imelikwepa bwawa. Leo, miezi minne baadaye, ni mitano. Kuna wiki inarudi kuwa mmoja, na hakuna anayejua kwa nini. Ila mezani mzee anazungumza, hasa kulalamika.

Tangu hapo Fundi Pazia amefunga mashine kama hiyo katika nyumba mbili nyingine, na ameombwa kufunga ya tatu. Jioni anaandika kitabu chake cha maelekezo, kwa Kiswahili, ili fundi mwingine asihangaike siku nne kama yeye. Amefika ukurasa wa kumi na tisa. Sehemu ya nyaya ameimaliza, ya projekta pia.

Ukurasa wa kwanza ndio unaomsumbua. Ameandika kwamba kabla ya kugusa waya wowote, fundi amuulize atakayecheza, siyo anayelipa, anataka kuona nini.

"Nimeifuta mara mbili, nikaiandika tena," anasema. "Yule mama naye hakuwa na nia mbaya. Mpaka leo sijui kama hilo ni jambo la fundi kuuliza. Lakini nitaliacha hapo hapo, mwanzoni."