Karani wa Mizani na Kamera Yake

Zadock alipima miwa kwa miaka ishirini na tisa. Matrekta yalipoingia kiwandani Muhoroni yakiwa yamebeba miwa hadi mingine inaburuzwa barabarani, ni yeye aliyekuwa ndani ya kile kibanda cha mizani, akiandika uzito, akiondoa uzito wa trela, akiandika tena. Alipostaafu, yeye na mkewe Dorca walihamia nyumba yao ya Migosi, Kisumu. Alirudi na saa ya ukutani aliyopewa na wafanyakazi wenzake, na tabia ya kutonunua chochote kabla hajakipima. Siku moja pale sokoni Kibuye, Dorca alimwona ameshika mananasi mawili, moja kila mkono, macho ameyafumba, mpaka mwenye mananasi akauliza kwa sauti ya chini kama mzee anasali.

Kwa hiyo Zadock aliposema atanunua kamera, Dorca alijua hiyo si kazi ya wiki moja.

Wazo lenyewe lilikuwa la Dorca. Lilimwingia siku ile walipomzika baba mkwe wake huko Seme. Mzee hakuwa na picha hata moja isipokuwa ya kitambulisho, nao watu wa kuchapisha waliichukua picha hiyo ndogo kama ukucha wakaikuza hadi ikatosha bango la langoni. Mzee aliyekuwa mpole kupita kiasi akatokea kama mtu anayetafutwa na polisi. Wageni waliotoka mbali walisimama mbele ya bango wakaulizana kama kweli wamefika boma lenyewe. Dorca alikuwa hapo kando na sinia la chai, akayasikia yote, na hakuyasahau.

Kisha Mama Adero, mama yake Zadock, akalazwa siku tano hospitalini Kombewa kwa sababu ya mapafu. Dorca aliacha mchele aliokuwa akiuza sokoni chini ya uangalizi wa jirani akaenda kukaa kando ya kitanda, akihesabu mama mkwe amekohoa mara ngapi. Walipodaiwa kitambulisho cha mgonjwa alikitoa kwenye pochi ya Mama, akakiangalia, akakigeuza kwenye mwanga. Uso ulikuwa umefutika. Kilichobaki kikionekana ni kitambaa cha kichwa.

"Baba Winny," alimwambia mumewe waliporudi nyumbani, "tumpige Mama picha. Picha nzuri, akiwa bado anacheka."

"Nitampiga mimi mwenyewe," Zadock akasema.

"Na simu yako?"

"Simu ni ya kupigia watu. Picha ni ya kamera."

Hapo ndipo miezi minane ilipoanza kupotea. Zadock alinunua daftari akachora mistari kama ya kiwandani, upande huu jina la kamera, upande ule uzito wake. Alijiunga na kundi la wapiga picha kwenye simu, lililoitwa Jicho la Ziwa. Kundi lilikuwa na wanachama sitini, na kwa muda wote huo Dorca alioneshwa picha saba. Mengine yote yalikuwa mabishano. Kulikuwa na daktari wa meno aliyeapa kwamba mtu asipoanza na kamera yenye kioo ndani hatajifunza lolote, na mchungaji mmoja wa Ahero aliyesema kioo ndani ni mambo ya zamani. Zadock alisoma yote kwa miwani, chai ikipoa. Akawa anaweza kumweleza mtu yeyote jinsi mwanga unavyoingia kwenye lenzi, ingawa hakuwa na lenzi.

Dorca hakubishana naye. Kila Jumapili alimpigia Mama simu baada ya kanisa, na kila Jumapili alisikiliza kile kikohozi zaidi ya maneno.

Mwishowe alimshika Zadock mkono wakaenda katikati ya mji, kwenye duka dogo la bwana mmoja aitwaye Wakhungu, aliyeuza kamera mpya na zilizotumika. Wakhungu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwatolea kamera moja ndogo, nyeusi, inayoingia mfukoni.

"Mzee, kwa anayeanza, hii inatosha. Kamera ya kwanza ni ile utakayoibeba. Ukinunua kubwa utaiacha nyumbani."

Zadock aliishika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto akashika nyingine, kubwa kama tofali, yenye lenzi ndefu kama mchi wa kutwangia. Akafumba macho. Dorca akatazama barabarani.

"Hii ndogo imepungukiwa," Zadock akasema.

"Imepungukiwa nini, mzee?"

"Haina uzito."

"Huo ndio uzuri wake."

"Bwana, mimi nimefanya kazi ya mizani miaka ishirini na tisa. Sijawahi kuona trekta jepesi lililobeba kitu."

Wakhungu alimtazama Dorca. Dorca alimtazama Wakhungu. Wakatoka na lile tofali.

Sasa, Dorca alidhani, tutaenda Seme. Lakini Zadock alisema uso wa mtu ni somo la mwisho, anayeanza huanza na ndege. Basi kila asubuhi akaenda Dunga, kando ya ziwa, akakaa kwenye mafunjo na stendi yake ya miguu mitatu, akimvizia mdiria mmoja, yule ndege mdogo wa rangi ya samawati anayezamia samaki. Kundi la Jicho la Ziwa lilikuwa limetangaza shindano la picha ya ndege, na Zadock alitaka kushinda. Akibonyeza mara moja tu, kamera ilipiga picha thelathini mfululizo, ikilia kama bisi kwenye sufuria. Jioni alimwonesha Dorca. Ndege juu ya unyasi. Ndege yuleyule juu ya unyasi uleule.

"Umeona tofauti?"

"Nimeona," Dorca alisema, na macho yake yalikuwa kwenye vidole vya mumewe. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, ila alikuwa amelea watoto wanne kwa kuangalia mikono ya watu. Kitufe hiki kinarudisha nyuma. Hiki chenye mchoro wa pipa la taka kinafuta, kisha mashine inauliza swali, kisha unabonyeza cha katikati. Zadock alikibonyeza mara chache sana, na kila mara kwa uchungu, kama mtu anayekatwa mshahara.

Mvua za masika zilikuja zikaisha. Jumapili moja Mama alikohoa kwenye simu mpaka akamwambia Dorca asubiri kidogo, na ile kidogo ikawa ndefu. Dorca alipokata simu alimwendea Zadock. "Jumamosi tunaenda Seme. Wewe na hiyo kamera. Ukitaka umbebe na ndege."

Jumamosi walifika bomani saa nne asubuhi. Zadock alichagua mahali penye mwanga mzuri, na mwanga ulikuwa mzuri mbele ya nyumba ya mama yake. Akatoa kiti cha sebuleni, akakitandika kitambaa cheupe kilichofumwa, akasimamisha stendi, akapachika lile tofali juu yake. Kisha akamwita mama yake avae lile gauni la sikukuu.

Mama Adero alitoka akiwa na gauni la kila siku. Aliangalia kiti. Aliangalia kitambaa cheupe. Aliangalia ile lenzi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, Mama. Tunataka kukupiga picha tu."

"Ninazijua hizi za kukaa kwenye kiti chenye kitambaa. Min Otieno wa jirani alipigwa moja hivi. Mwezi uliofuata alikuwa kwenye fulana za matanga."

Hilo ndilo jambo Dorca aliloogopa, na ndilo jambo alilotaka. Kabla hajajibu, sauti ilitoka upande wa pili wa uwanja, kwenye nyumba iliyotazama lango. Ilikuwa ya Mama Jacinta, mikayi, yaani mke wa kwanza wa marehemu mzee. Adero alikuwa wa pili. Katika boma hilo hakuna jembe lililogusa udongo kabla la mikayi halijagusa, wala chungu cha mavuno kilichopikwa kabla ya chake. Zadock alilijua hilo tangu akinyonya. Lakini alikuwa ametafuta mwanga, na mwanga haukujua nani aliolewa kwanza.

"Wuod Adero," Jacinta alisema, yaani mwana wa Adero, akikaribia na fimbo yake, "umeleta chombo kikubwa namna hiyo kwenye boma hili ukaanzia kwa nyumba ya pili. Mimi nimekuwa mgeni lini?"

"Mama, samahani. Basi tuanze na wewe. Karibu kiti."

Jacinta alikitazama kiti, na kile kitambaa cheupe, na uso wake ukabadilika.

"Hii ni picha ya nini?"

"Ya matanga, ya kanzu nyeupe na maua," Adero akajibu kwa haraka. "Mikayi kwanza. Ndiyo desturi."

"Kwa kupanda mimi ni wa kwanza. Kwa kuvuna mimi ni wa kwanza. Kwa mambo haya acha wadogo waanze."

"Huwezi kuchagua. Ama wewe ni wa kwanza ama si wa kwanza."

"Adero, miaka hamsini unatafuta kunipita. Leo nakupa nafasi. Pita."

Majirani walianza kusogea uani. Mama mmoja alikuja na kilo ya sukari na uso wa huzuni, kwa kuwa alikuwa ameona stendi kutoka barabarani. Mwingine aliuliza polepole kama ng'ombe wa msiba ameshatafutwa. Zadock alisimama nyuma ya kamera akipima mwanga, maana hicho ndicho kitu pekee alichoweza kupima.

Dorca alikuwa mtu wa hofu. Hakupita chini ya ngazi ya fundi wa rangi, hakulala bila kukagua jiko mara mbili. Lakini alimwona Mama Adero akigeuka kurudi ndani, akikohoa begani, na miguu yake ikamtoa mahali alipokuwa. Akaenda akakaa kwenye kile kiti.

"Mimi ndiye mdogo," alisema. "Kama ni kupangwa foleni, nipangwe mimi. Baba Winny, piga."

Kamera ikalia kama bisi. Picha thelathini za Dorca akiwa na uso wa mtu anayechomwa sindano.

Jacinta akacheka. "Nyar Kano ana roho," alisema, yaani huyu binti wa Kano. Akamgusa Dorca kwa fimbo aondoke, akakaa, akanyoosha mgongo. Ndiye aliyekuwa amefuata desturi sasa, kwa kuwa wa kwanza miongoni mwa wajane. Picha thelathini. Yule mama wa sukari akataka na yake, halafu yule wa ng'ombe, halafu mumewe, halafu kwaya nzima ya kanisa iliyokuwa ikipita kwenda mazoezini. Kila mmoja alikaa kwenye kiti kwa zamu, kila mmoja thelathini. Ikiwa kila mtu kijijini ana picha ya kiti, basi picha ya kiti si ya msiba wa mtu yeyote.

Ndipo Mama Adero akaingia ndani akatoka na gauni la sikukuu. Akakaa. Akaweka mikono mapajani.

Zadock akabonyeza. Kamera ikanyamaza. Akabonyeza tena.

"Kadi imejaa," alisema.

"Futa ndege," Dorca akasema.

"Ngoja nichague."

Akakaa kwenye ngazi ya nyumba akaanza kuwapitia, mmoja baada ya mwingine. Huyu amegeuza mdomo vizuri. Huyu ana mwanga jichoni. Huyu, hapana, huyu ndiye wa shindano, au ni yule wa nyuma. Dakika zikaenda. Jacinta alisema basi ndege huyo aletwe akae kitini, aitwe mama. Jua likaanza kumpata Adero usoni.

"Nina kuku wa kuangalia," alisema, akashika mikono ya kiti ili ainuke.

Dorca alijua akiinuka hatakaa tena. Msichana mmoja wa boma alikuwa ameleta chai. "Baba Winny, nipe nikushikie, unywe kabla haijapoa," alisema kwa upole kabisa, na Zadock, ambaye hakuwahi kukataa chai, akampa lile tofali.

Lilikuwa zito kweli. Kitufe chenye pipa. Swali. Cha katikati. Kisha yote tena.

Zadock alisikia ule mlio mdogo. "Umefanya nini?"

"Nimefuta picha mbili za ndege."

"Yupi?"

"Yule wa samawati."

Zadock aliinuka kikombe kikiwa mkononi, mkono mwingine ameunyoosha mbele, mdomo wazi, chai ikimwagika kwenye viatu vyake vya kustaafu. Na Mama Adero, aliyekuwa nusu ameinuka, alimwona mwanawe hivyo akaanguka tena kwenye kiti kwa kicheko, kichwa nyuma, meno yote yaliyobaki yakiwa nje. Dorca alibonyeza. Zikatoka picha mbili, kisha kadi ikajaa tena. Ya kwanza ilikuwa ya goti. Kwenye kadi, ndege na mama walikuwa na uzito uleule.

Kwenye Jicho la Ziwa, Zadock aliwaeleza wenzake kwamba aliyefutwa ndiye angeshinda. Wengi walimpa pole. Daktari wa meno alisema hayo ndiyo matokeo ya kutumia kadi moja.

Wakhungu alichapisha ile picha ya pili, kubwa, mara tatu. Moja ilikwenda kwa Mama Adero, ambaye huwaambia wageni kwamba alipigwa akiwa wa mwisho kabisa, baada ya kwaya. Moja aliichukua mikayi, kwa kuwa hakupenda yake. Ya tatu Zadock aliishika kiganjani kwa muda mrefu, macho akiwa ameyafungua. Kisha akapanda kiti, akaishusha ile saa ya kiwandani, akaitundika picha kwenye msumari wake. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama.

"Ingekuwa nzuri kabisa," alisema, "isipokuwa huu mkono uliojitokeza hapa pembeni. Ni mkono wa nani?"

"Wako," Dorca akasema, akaenda kukagua jiko.