Posa ya Jette na Mwanamke Aliyefunikwa Kitenge

Posa haipelekwi kwa simu. Alisema hivyo dada yangu Zuhura, na yeye akishasema, sisi wengine hutafuta viatu. Mwanawe Hamisi, anayesoma Brussels, alikuwa amempata Aziza, binti wa Kirundi, muuguzi wa hospitali. Baba wa binti alitoa sharti moja tu: mtoto wake hamtoi kwa kijana asiye na wakubwa. Baba yake Hamisi ni marehemu, na mjomba ni mimi. Nikakunja kanzu mbili, nikabeba halua, nikaondoka Tanga.

Ndani ya ndege sina la kusimulia. Nililala, nikaamshwa nile, nikalala tena.

Asubuhi, Etterbeek, mtaa wa Brussels. Hamisi anakaa chumba cha juu kabisa, ngazi zake ni adhabu. Alinivika koti la kuazima lililonifika kwenye vifundo vya miguu. Chai aliitengeneza, hakuinywa.

"Mjomba, ukirudi bila jibu, mimi nimekwisha."

"Nimepeleka posa nyingi," nikamwambia. "Kunywa chai."

Mchana, Matonge, mtaa wa Waafrika wa mji huo huo. Hamisi alisema siendi ukweni na ndevu zile, akanikalisha kwa kinyozi Mkongo. Kinyozi akauliza naelekea wapi. Nikamwambia naenda kuposa.

"Na hii miaka yote, papa?"

"Naposa kwa niaba ya mtu."

"Ah bon," akasema, akimwangalia Hamisi kwa huruma. Hakuniamini hata kidogo.

Alasiri, Jette, upande mwingine wa mji. Papa Idi, baba yake Aziza, alitupokea mlangoni kwa mikono miwili, akiniita mjomba kwa Kifaransa. "Karibuni, tonton, karibuni mukae." Ni mtu wa Bujumbura, mrefu, mpole, alikuja huku mkimbizi. Sebule ilikuwa safi na biriani ilinukia. Nikaketi, nikainua macho. Ukutani palikuwa na picha kubwa iliyofunikwa kitenge.

Kwetu vioo na picha hufunikwa nyumba ikifiwa. Na katika nyumba yenye matanga mtu haposi. Nilimwangalia Hamisi kwa hasira, iweje asiniambie? Naye akanitabasamia, maskini.

"Poleni sana," nikasema.

"Asante, tonton," Papa Idi akajibu. "Tumezoea."

Nikastaajabia imani yake. Nikaomba tumsomee marehemu Fatiha. Wakatazamana, wakainua mikono, maana Fatiha haikataliwi. Tukala. Nikazungumzia mvua, nikazungumzia halua, nikashukuru, nikasimama kuaga. Aziza alikuwa mlangoni pa jikoni na sinia la chai, na vikombe vilianza kugongana. Hamisi alikuwa amebadilika rangi.

Maman Aziza, mkewe Papa Idi, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Tonton, unaenda aje? Hauna neno ya kutuambia?"

"Neno ninalo, mama. Lakini halisemwi katika nyumba yenye matanga."

"Kilio? Kilio ya nani? Ile pole haikukuwa ya baridi?"

Nikaonyesha kitenge kwa kidevu. Aziza akaweka sinia chini, akaenda ukutani, akakivuta.

Alikuwa mwanamke wa Kizungu, jukwaani, gauni la manjano, mwanga ukimpiga kutoka chini. Mguu mmoja ulikuwa juu, juu sana. Mdomo wazi, anaimba. Mbele yake vilionekana visogo vya wanaume wenye kofia, na chini maandishi ya Kifaransa. Nilimtazama kwa muda unaostahili.

"Ni wa upande wa baba," nikauliza, "au wa mama?"

"Astaghfirullah!" akasema Maman Aziza, akimwonyesha mumewe kidole. "Si muntu wetu! Ni uyu alimununua sokoni, kwa vitu vya zamani! Donc mushenga anakuja, muntu wa dini, nikasema nimufunike."

Papa Idi aliinamisha kichwa. "Ni lithographie, tonton, ya Ufaransa. Wanachapa na jiwe." Akaitazama. "Mwaka ya kwanza hapa sikukuwa na rafiki. Baridi, bon. Bibi ananuna, batoto bananuna, na mimi nanuna. Nikamuona uyu, mudomo wazi, anafurahi. Nikasema, alors, twende nyumbani."

Mkewe akaokota kitenge, akakikunja.

Nikaketi tena, nikaitoa posa neno kwa neno kama nilivyofundishwa. Nimeposa mara nyingi, lakini chini ya mguu ilikuwa mara ya kwanza. Papa Idi akamwuliza binti, binti akasema ndiyo kabla swali halijaisha. Hamisi akanywa chai ya watu wawili.

Tulipoaga, Maman Aziza aliishusha picha, akaizungushia kitenge kile kile, akanikabidhi. "Zawadi ya bakwe." Alikuwa ameingoja nafasi hiyo kwa miaka. Zawadi ikishatajwa mbele ya wakwe hairudi, na Papa Idi alilijua hilo. Alichukua kamba, akaifunga mwenyewe, taratibu, fundo juu ya fundo.

Uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Ofisa alifungua kitenge, akauliza huyu nani. Nikamwambia mkwe. Akafunga.

Tanga, nyumbani. Mke wangu alimtazama mara moja, akasema wageni watasemaje, akamtundika na kumfunika. Jirani alipokuja alivua kofia, akasema poleni sana. Nikamjibu asante, tumezoea. Nilichojifunza safarini ni kwamba ukikuta kitu kimefunikwa, uliza kwanza, pole itakuja baadaye. Lakini sikumfundisha jirani.

Ijumaa Papa Idi akapiga simu. Tukaulizana hali, tukazungumzia harusi, kisha akashusha sauti.

"Na ule mama, tonton? Anaendelea aje?"

"Hajambo."

"Hamukumufunika?"

"Hatujamfunika," nikasema. Nikainuka, simu ikiwa bado sikioni, nikaenda ukutani nikakivuta kile kitenge.