Mmea wa Miiba Kando ya Ukuta wa Abdu

Kwa miaka thelathini Abdu alitengeneza malori katika gereji moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda la jiji. Mgongo ulipomkatalia kuinama, akabaki nyumbani kwake Buterere, peke yake. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na Soumaya, binti yake wa pekee, alikuwa Kanada. Kila Ijumaa binti huyo aliandika: "Salama, Baba?" Naye Abdu alijibu: "Alhamdulillahi." Basi, mpaka Ijumaa nyingine.

Mafuriko ya masika yalipopungua mtaani, udongo uliozolewa mferejini ukarundikwa kando ya ukuta wake. Juu ya rundo ukaota mmea asioujua: majani ya miiba yenye mishipa myeupe, ua la njano, jepesi kama karatasi. Akaupiga picha na kumtumia Soumaya, aliyewahi kusomesha biolojia.

Jibu likaja papo hapo. "Baba, kata shina. Utomvu wake ni wa rangi gani?"

"Njano. Umenichafua vidole."

"Una matunda? Nayo yana miiba?"

Siku hiyo waliandikiana mpaka alasiri.

Kesho yake akapita jirani yake Spès, mtaalamu wa kilimo. Akasimama. "Mzee, hii ni argemone. Ilitoka Meksiko. Inaishi musimu moja tu, na inapenda udongo uliovurugwa. Mbegu zake ni sumu. Uing'oe kabla matunda hayajapasuka."

"Asante, binti yangu."

Hakuung'oa. Wala hakumwambia Soumaya. Alituma picha ya tunda, kisha ya jani upande wa chini, akiuliza mambo ambayo majibu yake alikuwa nayo.

Siku ya tano Soumaya akaandika: "Nimeipata! Argemone mexicana. Ing'oe, Baba." Simu ikanyamaza.

Abdu akavaa glavu zake za gereji, akaung'oa na mizizi yake. Kisha akaketi kizingitini, akaandika polepole: "Mi nilijua tangu siku ya pili. Spès aliniambia."

"Sasa mbona uliendelea kuniuliza?"

"Ulikuwa unanijibu."

Simu ikalia. Soumaya alikuwa analia, wala hakuficha. Walizungumza mpaka chaji ikaisha.

Jumapili iliyofuata Soumaya akapiga tena. Ile ya baada yake hakupiga; labda alikuwa kazini. Abdu alikaa na simu mapajani hadi adhana ya magharibi, ndipo akainuka kutia udhu.