Pete, Pamba na Uzi Uliolala Mchangani

Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilikuwa nyuma ya jiko la shangazi yangu kule Lamadi nikiparua magamba ya sato, ndipo jirani akapita uani na kusema bila hata kusalimia, "Yule mzee wenu wa fimbo ametutoka." Shangazi akaweka kisu chini. Mimi nikaendelea kumparua samaki ambaye hakuwa amebaki na gamba hata moja. Ninyi mnaosoma kona yangu pale ubaoni, katikati ya ratiba ya usafi na majina ya waliochelewa, mnajua kuwa habari za misiba si zangu. Mnajua pia, maana mmenicheka vya kutosha, kwamba nikiulizwa swali darasani najibu kwa sauti ya kifaranga aliyeloa. Leo nivumilieni. Nina jambo la kuungama, na linamhusu huyo mzee.

Hakuwa mtu wa ziwani. Kazi yake yote aliifanya hapa Bariadi, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na jioni alikuwa akitengeneza baiskeli za watu. Alipostaafu akahamia Lamadi kwa binti yake. Akakuta watu wanavua kwa nyavu, yeye akaamua kuvua kwa fimbo yenye kigurudumu cha kuzungushia uzi, kama wanavyovua wageni wanaokuja kupumzika. Zile pete ambazo uzi hupita ndani yake alizikunja mwenyewe kwa spoku za baiskeli. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, walimcheka mpaka wakachoka. "Guku," wanamwambia, yaani babu, "hiyo ni fimbo ya kuvulia au antena ya redio?" Naye bila kugeuka: "Redio. Nasikiliza sato wanavyokusengenya."

Kwenye mfuko wa shati alitembea na pamba. Si ya duka la dawa, ni ile ya shambani, yenye mbegu zake. Kabla ya kurusha ndoano alinyofoa kipande akakipitisha ndani ya kila pete, polepole, kama mtu anayemsafisha mtoto sikio. Pamba ikitoka nzima, pete ni nzima. Ikiacha unyoya, pete ina jeraha, na jeraha hilo litakata uzi siku ile samaki mkubwa atakaposhika. "Jicho linadanganya, na kidole changu kina sugu," aliniambia, "lakini pamba haijawahi kunificha kitu." Mimi nimechuma pamba tangu sijaanza shule, mgongo unaijua, ila sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kukagua chuma.

Ugomvi ulianza alipoacha nailoni akaweka uzi wa kusuka. Shangazi yangu anauza samaki na ana maoni juu ya kila kitu kinachogusa maji. "Guku, uzi wa kusuka ni msumeno. Utazila pete zako zote." Mzee akasema, "Mayu," yaani mama, "uzi ni uzi, chuma ni chuma." Likizo nzima salamu yao ya jioni, mwadila ya Kisukuma, ikawa hiyo. Shangazi: "Mwadila guku, pete zimeisha?" Mzee: "Mwadila mayu, zimeongezeka." Mwishowe wakakubaliana lifanyike jaribio, na hakimu nikachaguliwa mimi. Sababu aliitoa shangazi mbele yangu: "Huyu haongei, hawezi kumpendelea mtu." Pete moja mpya ikagongomewa kwenye nguzo mwaloni. Kazi yangu ilikuwa kuvuta uzi wa kusuka ndani yake, na jiwe limefungwa mwishoni, mara mia kila jioni kwa wiki mbili.

Siku ya hukumu mwalo mzima ulikusanyika. Mzee akapitisha pamba yake. Ikaacha unyoya. Akapitisha tena, ikaacha mwingine. Akainama, akaona mchubuko. Nilitegemea atasema spoku ilikuwa mbovu, au upepo, au mimi. Akavua kofia, mtu mzima yule, mbele ya vijana waliomwita antena, akasema kwa sauti, "Mayu, umenishinda. Nilikosea." Siku hiyohiyo akautoa uzi wa kusuka kwenye fimbo yake, akanipa mimi, akarudia nailoni. Shangazi aliimba mpaka nyumbani.

Kitu ambacho sikukisema ni hiki. Jioni tatu kati ya zile nilikuwa na kitabu cha hadithi mkononi, nikauacha uzi umelala mchangani ukiwa umeloa. Ulipanda na chembe za mchanga katikati ya msuko wake, ukapita kwenye pete ukilia kwaru, kwaru. Nilisikia. Nikaendelea kuvuta, maana mhusika alikuwa amefika mahali pazuri. Baada ya hukumu dhamiri ikanisumbua. Nikaufua ule uzi kwa sabuni, nikakunja pete nyingine ya spoku, nikavuta idadi ileile nyuma ya jiko. Pamba ikatoka nzima. Kumbe uzi haukuila pete, ulioila ni mchanga uliobebwa na uzi. Niliandika hayo yote kwenye daftari, na daftari nikalifunga. Kila nilipokutana naye nilisema "Shikamoo guku" nikaongeza mwendo, naye akaniitikia, "Marahaba, hakimu wangu."

Kwenye ripoti yangu ya shule kila muhula wanaandika "mtulivu, ana nidhamu", na mama huwasomea wageni. Sasa najua kuna utulivu mwingine ambao ni woga tu uliopigwa pasi. Watu wazima wengi ninaowafahamu wakikosea hubadilisha mazungumzo. Yule mzee alikiri kosa ambalo hata hakulifanya, na mimi niliyelifanya nikasifiwa kwa kunyamaza. Kama una neno ambalo ni haki ya mtu mwingine, mpelekee angali anaitika.

Jumapili asubuhi, siku ya pili ya habari ile, nilienda msibani na daftari, na ule uzi uliofuliwa. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama. Nikafungua daftari, nikaanza kwa sauti yangu ya kifaranga. "Semea juu, mama!" akaita mtu kutoka upande wa wanaume. Nikasoma yote, mchanga, kitabu, kwaru kwaru, mpaka pamba iliyotoka nzima.  Shangazi akasimama, mkono kiunoni: "Yaani nilishinda kwa mchanga?" Watu wakacheka msibani, wa kwanza akiwa binti wa marehemu, aliyecheka mpaka akajifuta uso kwa kanga. Akaingia ndani akatoka na fimbo. Shangazi akaishika, nami nikaupitisha uzi wa kusuka, pete baada ya pete, mpaka ncha. Shangazi alipoona uzi umenyooka, akaligeukia jeneza, akapiga goti kidogo kama anavyofanya kwa wakubwa.

"Mwangaluka guku," akamwamkia kwa salamu ya asubuhi. "Pete zimeongezeka."