Nakala ya Tisa ya Katekista Antoni

Nina steshenari hapa Igowole, kompyuta moja na printa inayokwamisha karatasi kila ukungu ukishuka. Katika wateja wangu wote, hakuna aliyenichosha kama Antoni, katekista mstaafu, aliyeamua kuandika kitabu cha jubilei ya miaka sitini ya kanisa la kigango chao.

Nakala ya kwanza aliileta kwenye daftari la shule. Ilianza hivi: "Mama yangu Yusta alibeba matofali ya kanisa hili kichwani kutoka bondeni, akiwa na mimba yangu." Nilichapa huku machozi yananilengalenga, na mimi si mtu wa kulia kazini. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa pasiguswe." Akacheka, akasema kitabu lazima kipate maoni.

Maoni sikatai. Ukijisomea mwenyewe huoni ulipokosea. Lakini maoni unaomba kwa mtu mmoja au wawili, wanaojua unachokiandika. Yeye akakipeleka kwenye jumuiya ya waumini wa mtaani kwake, Jumamosi baada ya sala, kwenye ajenda ya mengineyo! Huko kila mtu ana babu. Babu wa huyu alifyatua matofali, wa yule alitoa ng'ombe. Mama Lusia akataka mkwewe aandikwe kwa kuwa alikuwa na nia ya kusaidia, ila aliumwa. Nia! Jumatatu katekista yuko dukani: "Ongeza hawa, mwanangu."

Nikaongeza. Wiki iliyofuata tena, na iliyofuata tena. Kufikia nakala ya tisa, ukurasa wa kwanza ulikuwa majina hamsini na mawili. Zabron, mwenyekiti wa jumuiya, akashauri habari za mama wa katekista zitolewe, eti ni mambo ya nyumbani.

"Futa," katekista akaniambia, bila kunitazama.

Nilikasirika hadi nikawa nakosea vitufe. Nikafuta, lakini kwenye nakala ya tisa tu. Ya kwanza niliiacha ilipo. Nakala ya kwanza ya mtu huwa siigusi.

Jioni ile alirudi nyumbani kumsomea mama yake, ambaye hajui kusoma na alikuwa anakisubiri kitabu hicho tangu Kwaresima. Asubuhi nilimkuta kwenye benchi langu, kofia mkononi.

"Amesikiliza mpaka mwisho," alisema. "Halafu akaniuliza, 'Na mimi siku hizo nilikuwa wapi?'"

Sikumpa pole. Si nilimwambia? Nikafungua nakala ya kwanza, nikaiprinti, karatasi ikakwama mara mbili, nikamkabidhi. "Kamsomee hii. Yeye peke yake."

Mchana akarudi. "Mama anasema kuna kosa."

Nusura nimfukuze. "Kosa gani tena, Mwalimu?"

"Hakuwa na mimba yangu. Nilishazaliwa, nilikuwa mgongoni. Anasema nililia njia nzima, na yeye ananiimbia, mikono yote imeshika matofali."

Nakala tisa. Jumuiya nzima imesoma, imeongeza mababu na wakwe, na hilo hakuna aliyelisema, kwa sababu hakuna aliyelijua.

"Nikuandikie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na wale hamsini na wawili waweke nyuma."

Nikaanza kuchapa. Yeye akawa anaigeuzageuza kofia.

"Miaka sitini," akasema. "Hapo tunakaa nyumba moja. Sijawahi kumwuliza."

Tangu nakala ya pili nilikuwa nimemwekea maneno makali. Nikayaacha yote, nikaendelea kuchapa.