Utepe wa Kanga Yangu Kwenye Polo la Taka

Niliwamwagia wanawake wenzangu mawinda ya mwanangu vichwani, saa mbili ya asubuhi, na mpaka leo sijaomba radhi.

Ilikuwa Jumatano. Nimeteremka na mtoto kiunoni, nnakwenda kununua mkate maana muuzaji hajapita, nakuta wenzangu wa kikundi cha usafi wamesimama duara mbele ya kizimba chetu cha chupa, kile cha waya kilichopo kwenye kona ya uchochoro. Bi Mwenyekiti ameshika polo la mchele, lile gunia la nailoni, kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na pua yake. Ndani ya polo mna chupa za maji, maganda ya mananasi na pempasi tatu zilizotumika, zimevimba kama mito. Shingoni mwa polo pamefungwa utepe wa kanga ya njano yenye mabibo mekundu. Utepe wangu.

"Mama mtoto," akaniuliza, "tumbo la mwanao limepoa?"

Wakacheka.

"Mimi situmii pempasi."

"Hapana anayesema anatumia," akadakia mmoja.

"Nafua. Mnaniona nafua."

Bi Mwenyekiti akanishika bega. Ni mwanamke wa makamo, mpole akitaka, na siku hiyo alitaka. "Hakuna ubaya, mwanangu. Kuna siku mtu huchoka. Ila usitie humu, tushakatazwa mara mbili."

Wangenitukana ningevumilia. Lakini kusamehewa kosa ambalo sikulifanya, mbele za watu, na mimi usiku mzima nimekesha na mtoto anayeota meno! Nilimkabidhi mtoto kwa Bibi wa chini, jirani yetu muuza vitumbua, nikapanda ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya pili, nikachukua beseni la mawinda niliyoyafua alfajiri, nikafungua dirisha. Mawinda hayo mama yangu aliyashona kwa kanga zake kuukuu, pindo juu ya pindo. Yote niliyamimina chini, yanatona maji.

"Haya hesabuni! Mwenye mawinda yote haya, pempasi za nini?"

Moja lilimtua Bi Mwenyekiti kichwani, likamfunika kama mtandio. Hapana aliyecheka isipokuwa mwanangu, mikononi mwa Bibi.

Sasa niseme kwa nini pempasi tatu zilikuwa jambo kubwa kiasi hicho.

Kizimba kile ndicho kitu kizuri kuliko vyote vilivyopata kuingia uchochoroni kwetu, na nnayasema haya nikijua kuna nyumba hapa ina mlango wa nakshi ambao wageni wanakuja kuupiga picha. Zamani chupa zilikuwa zinalala mitaroni, mvua ya masika ikija maji machafu yanaingia mpaka kwenye madaka ya mbele ya milango ya watu. Ndipo kikundi chetu kikapata washirika wawili. Wa kwanza ni karakana moja iliyoko njia ya kwenda Paje, wanasaga plastiki na kuyeyusha vioo. Wa pili ni nyumba ya wageni iliyopo mwisho wa uchochoro wetu. Meneja wake alitoa waya na fundi wa kuchomelea, tukapiga picha mbele ya kizimba, yeye katikati.

Kazi yetu tukaipanga wenyewe, kwa namna ya nyumba zetu. Sisi wa juu hatuteremki kwa kila jambo. Tuna vikapu vyetu na kamba: muuza mkate akipita unateremsha kikapu, unavuta mkate wako, hujavaa hata buibui. Basi na chupa tukaamua zishuke kwa njia hiyo hiyo. Kila Jumanne na Jumatano tunateremsha mapolo yetu, aliye zamu chini anayapokea na kuyatia kizimbani. Na ili polo la mtu lijulikane na limrudie likishamwagwa, kila nyumba inalifunga utepe uliochanwa kwenye kanga yake. Bibi wa chini, ambaye nyumba yake ndiyo ya karibu kabisa na kizimba, ana utepe mweusi. Bi Mwenyekiti wa kijani. Wangu ndio huo wa mabibo. Mapolo matupu tunayatundika kwenye misumari ubavuni mwa kizimba, kila mwenyewe aje achukue lake kwa wakati wake.

Niliipenda kazi hiyo, sifichi. Mume wangu anafanya kazi hoteli kule Kendwa, anarudi mara moja kwa wiki. Mimi nimemaliza skuli ya sekondari, nimeolewa, nimezaa, nimekaa juu. Siku nyingine mtu mzima pekee niliyezungumza naye alikuwa muuza mkate, tena kwa kamba. Kizimba kilinipa Jumanne yangu na Jumatano yangu. Mara moja karakana ilitualika tukaone. Tulivishwa miwani mikubwa, tukaoneshwa chupa ya kijani inavyolegea motoni kama halua, ikatoka shanga. Nilipewa tatu. Nimezitundika dirishani, na jua likipiga mwanangu anaufukuza ule mwanga ukutani kwa kiganja.

Lakini karakana haipokei uchafu. Dereva wao huja Alhamisi baada ya sala ya alasiri, anafungua polo moja moja. Wiki mbili mfululizo alikuta pempasi zimemwagwa kizimbani bila ya polo, akaukataa mzigo wote, akatuacha nao pale tunatazamana. Mara ya pili akasema, bila ya kupandisha sauti, "Mama zangu, mara ya tatu kizimba kinahamia mtaa mwengine. Wako wanaokitaka."

Na mtoto mchanga katika uchochoro mzima ni mmoja tu. Wangu.

Nilipoteremka kuokota mawinda yangu, Bibi wa chini alikuwa amekaa mbele ya jiko lake la vitumbua, mtoto kamweka mapajani. Bibi huamka kabla ya adhana, anapika, anauza, saa tatu anazima moto.

"Umefanya vizuri," akaniambia. "Yule wa kijani alihitaji kuoga."

"Bibi, wallahi si zangu."

"Najua si zako. Polo lako siku hizi linatembea hotelini."

Nikasimama na mawinda mkononi. "Linatembea wapi?"

"Mlinzi wa ile nyumba ya wageni hulitoa msumarini asubuhi, akenda nalo likiwa tupu, akarudi nalo limejaa. Nikadhani umempa."

"Mbona hukusema?"

"Umeniuliza?" Akageuza kitumbua. "Mimi napika, mwanangu. Sikuandikwa ukarani."

Alhamisi baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nimeshakaa kwenye barza yake, buibui limefungwa, mtoto ananyonya, kitumbua mkononi. Mlinzi akaja. Mzee wa Makunduchi, mtaratibu, kofia safi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka mapema."

Akanyoosha mkono msumarini, akachukua polo lenye utepe wa njano, nililokuwa nimelimwaga na kulitundika tena, akenda zake. Nilimaliza kitumbua. Aliporudi polo limejaa, nilikuwa nimeshasimama mlangoni mwa kizimba.

"Babu, hilo polo la nani?"

Akalitazama kama analiona kwa mara ya kwanza. "La hapa. Limetundikwa hapa."

"Na hizo taka?"

"Za wageni. Wana watoto wadogo mwezi huu." Akashusha sauti. "Mwanangu, gari ya taka inafika mchana. Meneja hataki wageni wale kiamshakinywa mbele ya pipa. Nnaambiwa peleka kwenye kizimba chetu, napeleka."

"Kizimba chenu?"

"Ndivyo anavyokiita."

Sikuwa na ugomvi na yule mzee. Alidhani polo lililotundikwa ni la yeyote, na hajui kuwa utepe ni jina la nyumba. Hapana aliyemwambia. Tepe tulielezana wenyewe kwa wenyewe, madirishani, na nyumba ya wageni haina dirisha linalozungumza nasi. Hilo kosa letu, nalikiri. Lakini aliyetaka uchafu wake uondoke kwake uingie kwetu alikuwa amekaa ndani kwenye kiyoyozi.

Nikalichukua polo na vilivyomo, nikenda nalo mapokezi. Ukutani pana cheti katika fremu kinachosema nyumba hii ni rafiki wa mazingira. Chini ya cheti pana ile picha yetu. Mimi nimo, nimefumba macho.

Meneja alikuwa na adabu nyingi. Aliniitia kahawa. Nikamwambia sinywi.

"Dada yangu, ni bahati mbaya tu."

"Wiki tatu?"

"Unajua, wageni hawatenganishi. Utamwambiaje mgeni?"

"Mimi mtoto wangu ana miezi minane na anatenganisha. Taka zako zimewekewa jina langu, na leo jioni tunanyang'anywa kizimba."

Hapo adabu ikapungua kidogo. "Lakini dada, kizimba kile tumekitengeneza sisi."

"Mlikitoa. Mlipiga na picha. Unataka turudi tukapige nyengine ya kukirudisha?"

Nikaliacha polo pale pale chini ya cheti, mdomo wazi. Nilipofika uchochoroni nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu siku ya shanga.

Bi Mwenyekiti hakufurahi. Nilimkuta kwake anakatakata vitunguu, nikamweleza yote, na Bibi wa chini akaingia nyuma yangu kuthibitisha. Aliweka kisu chini.

"Nimekudhulumu," akasema. "Lile winda nililistahiki."

"Yameisha hayo. Sasa tuandike barua."

"Ah, hapo ngoja. Yule ni mshirika. Tukimkera atakichukua."

"Na tusipomkera kitachukuliwa na dereva. Bora kipi?"

Alikifuta kisu kwa pindo la kanga yake. Halafu akavuta droo, akanitolea karatasi za mistari na kalamu. "Andika wewe. Una hasira na una skuli."

Nikaandika pale pale, mtoto anatambaa juu ya mkeka anatafuna kifuniko cha kalamu. Mume wangu akapiga simu. Nilipomweleza akaguna. "Usije ukapigana tu." Nikamwambia siku ya kupigana ilikuwa jana, leo naandika.

Kwa sheha, msimamizi wa serikali mtaani kwetu, tulikwenda watatu. Alisoma taratibu, miwani puani. Mstari wa nne akasita.

"Hapa umeandika mnafiki."

"Naam."

"Futa. Hii ni barua ya serikali."

Nikalifuta, juu yake nikaandika mshirika. Akasoma tena mpaka mwisho, akamuuliza Bibi kama aliona kwa macho yake. Bibi akajibu kwamba macho ya nani tena yanaamka saa hizo. Sheha akapiga muhuri, akaniambia nakala moja niipeleke mwenyewe nyumba ya wageni, na nyengine nimpe dereva wa karakana.

Dereva aliisoma amesimama mlangoni mwa gari. Akafungua mapolo yote, moja moja. Yalikuwa safi, maana tangu jana tulishinda kuyaosha, na Bi Mwenyekiti ndiye aliyeosha mengi. Akapakia. Akaikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaondoka.

Sasa hivi nikiinamia dirishani nakiona kizimba. Kipo pale pale, msumari wa saba una polo jipya, na utepe wake ni mweupe, umechanwa kwenye shuka ya hoteli. Yule mzee wa Makunduchi hunisalimia yeye mwanzo siku hizi, ananyanyua polo juu nilione. Mtoto anasimama, anashika dirisha, anapenda kuangalia vikapu vikishuka. Nakala yangu ya barua ninayo ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi yake ya kliniki. Nnainakili kama ilivyo, na lile neno lililofutwa sikulirudisha.

*

Kwa Sheha wa shehia yetu,
Nakala: Meneja wa nyumba ya wageni; na Karakana.

KUH: TAKA ZA NYUMBA YA WAGENI KUTIWA KATIKA KIZIMBA CHA CHUPA KWA POLO LA MTU MWENGINE

Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa ghorofa ya pili, nyumba inayotazamana na kizimba, na ni mwanakikundi.

Nalalamika kwamba kwa wiki tatu nyumba ya wageni imetia katika kizimba pempasi na mabaki ya chakula, kwa kutumia polo langu lenye utepe wa njano wa mabibo, bila ya idhini yangu. Mzigo wetu umekataliwa mara mbili kwa sababu hiyo, na mimi nimesingiziwa. Aliyefanya hivi ni mshirika wetu, na cheti cha usafi kimetundikwa kwake.

Simlalamikii mlinzi. Ametumwa, na hakuelezwa desturi yetu.

Siombi nyumba ya wageni iondolewe katika ushirika. Naomba iingie sawasawa, kama nyumba nyengine zote:

Itenganishe taka zake kwake kabla hazijatoka mlangoni. Pempasi zisubiri gari ya taka ndani ya ua wake, hata kama zinanuka, maana mawinda ya mwanangu pia yananuka na nnakaa nayo.

Iwe na polo lake na msumari wake, na utepe wake unaojulikana na uchochoro mzima.

Meneja ashike zamu ya kupokea mapolo chini ya madirisha Jumanne moja, yeye mwenyewe, asitume mtu.

Na nirudishiwe polo langu, likiwa limeoshwa.

Wako katika usafi,
Mama mtoto, ghorofa ya pili.
Shahidi: Bibi wa chini, muuza vitumbua. Ameweka dole gumba.