Siku Niliyosema kwa Niaba ya Nasra

Jamani, aibu hii nimeimeza peke yangu hadi imenishinda, basi leo naitoa, nyinyi chekeni tu.

Binti yangu Nasra ana miaka tisa, amekulia hapa ughaibuni, Brooklyn Park, Kiswahili anakielewa chote (hata ninapowasengenya mawifi zangu), ila kukisema hataki. Safari yetu ya mwisho Mombasa binamu zake walimcheka, eti anatamka kama ana kiazi moto kinywani, na tangu hapo akafunga mdomo. Sasa mama mkwe kila akiuliza, mimi namjibu, "Nasra? Anazungumza kama mzawa wa Mji wa Kale!"

Siku ya Idi mama mkwe akapiga simu, anataka mjukuu wake ampe mkono wa Idi mwenyewe. Nasra akanishika dera: "Mami, watanilaugh." Nikamwonea huruma, nikabana pua, nikasema mimi kwa kisauti cha kitoto, "Mkono wa Idi, nyanya!" Kule vigelegele! Ningekata simu hapo hapo, lakini vigelegele vikanilevya, nikamsalimia shangazi mmoja mmoja, hadi mama mkwe akasema, "Hebu washa video nimuone anavyosema."

Ningefanyaje? Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, Nasra nikamkalisha mbele, na mimi (na kilo zangu hizi) nikajipenyeza chini ya meza, mimi nasema, yeye achezeshe midomo. Nilichosahau ni chetezo cha udi, nilichokuwa nimekificha huko huko chini ili kengele ya moshi isitupigie kelele. Moshi ukanijaa puani, nikapiga chafya ya mtu mzima, na mtoto midomo kaifunga kabisa! Kuinuka kwa kiherehere, kichwa kikagonga meza, simu ikaanguka ikinitazama usoni, kitambaa cha meza kimenifunika kama bi harusi.

"Zuhura! Mtu mzima na akili zako, wafanya nini huko chini?" Nikajivua kitambaa, na mama mkwe akaendelea, "Sauti yako naijua tangu ulipoolewa. Mimi nimemtaka Nasra."

Nilitamani ardhi inimeze. Nasra ndiye aliyeiokota simu, akasema, "Emkono wa Idi, nyanya." Shangazi mmoja akaangua kicheko, mama mkwe akamgeukia: "Atakayecheka leo pilau yangu haionji!" Kisha taratibu, "Sema tena, mama, sema uwezavyo."

Akasema tena. Akaendelea na habari za theluji na shule, maneno yakimkwama na kukwamuka, nami nikalia pale pale sakafuni kwa furaha.

Siku hizi yeye na nyanya yake hupigiana simu wenyewe. Matamshi bado yanakwenda upande, lakini yanakwenda, nami nimeapa sitamwazima tena sauti mtu mwenye yake. Ila mazoea yana taabu: juzi nilimsikia amekosea neno, nikatia kichwa mlangoni nimsahihishe, wakanipigia kelele wote wawili kwa pamoja, "Toka!" Na hilo "Toka" mwanangu alilitamka sawasawa kabisa.